Tusiwapige kalamu watangazaji kabla ya kuwasikiliza

Siku hizi kosa la ulimi huadhibiwa kabla mwenye ulimi hajameza mate. Tarehe 8 Mei 2019, Danny Baker, mtangazaji mkongwe wa BBC nchini Uingereza, aliweka katika mtandao wa Twitter picha ya zamani ya mume na mke walioshikana mikono na sokwe aliyevishwa nguo. Akasema huyo ndiye mtoto mchanga wa Mwanamfalme Harry na Meghan Markle. Mamake Meghan ni Mmarekani mweusi. Kesho yake Baker alikuwa amepigwa kalamu, tena kwa simu, kama alivyolalamika mwenyewe. Alishikilia kwamba rangi ya mtu haikumpitia akilini.

Sina nia ya kumtetea. Aliyefananishwa na nyani haulizi dhamira ya msemaji. Sisi wenyewe tuliyaonja hayo Septemba 2018, pale serikali ilipomfukuza nchini mfanyabiashara Mchina aliyerekodiwa akiwaita Wakenya nyani, Rais wa wakati huo Uhuru Kenyatta akiwemo. Hakuna aliyemlilia, kuanzia Emali hadi Mtito Andei. Ninalotaka kulijadili na walimu na wanafunzi wa Kitui na Makueni ni jinsi adhabu hizi zinavyotolewa, na nani anayesalimika zinapotolewa.

Huko Afrika Kusini, Januari 2016, mama mmoja mzungu aliandika katika Facebook akiwafananisha na nyani watu weusi waliokwenda pwani kusherehekea mwaka mpya. Nchi ikachemka. Gareth Cliff, mtangazaji wa redio aliyekuwa pia jaji wa shindano la uimbaji la Idols katika runinga ya M-Net, aliandika kwamba watu hawaelewi kabisa uhuru wa kusema ni nini. Hakumtukana mtu, lakini wengi walimwona kama anayemkingia kifua yule mama, na M-Net ikamwondoa. Cliff akaenda kortini, na tarehe 29 mwezi uo huo Mahakama Kuu ya Johannesburg ikaamuru arejeshwe. Yule mama naye alifikishwa mbele ya Mahakama ya Usawa, akaamriwa kulipa randi 150,000 kwa wakfu wa Oliver na Adelaide Tambo. Tazama tofauti: kampuni ilitoa hukumu kwa kuusikiliza umati, ilhali korti zilipima neno la kila mmoja kwa mizani yake.

Kwetu Kenya kisa kilicho karibu zaidi na hiki hakikuwa cha rangi bali cha jinsia. Machi 2021 watangazaji watatu wa Homeboyz Redio ya Nairobi walimfanyia mzaha hewani mwanamke aliyekuwa hospitalini baada ya kudaiwa kusukumwa kutoka orofa ya 12. Mkanda ukasambaa mitandaoni, kampuni ya pombe ya EABL ikaondoa matangazo yake, watatu hao wakafutwa. Mamlaka ya Mawasiliano ilikipiga kituo faini ya shilingi milioni moja na kukisimamisha kipindi hicho kwa miezi sita. Maneno yao yalikuwa ya aibu. Lakini je, mzaha wa aina hiyo ulizaliwa asubuhi ile? Mtangazaji hukaa studioni na fundi, ana mhariri juu yake, na juu ya mhariri yuko mwenye kituo anayehesabu wasikilizaji ili awauzie wenye matangazo. Utani mkali ukileta pesa, mtangazaji huitwa nyota; ukileta hasara, huwa ni kosa lake peke yake.

Sheria yetu haikubaliani na ujanja huo. Sheria ya Utangamano na Uwiano wa Kitaifa ya mwaka 2008, inayojumlisha rangi, uraia na kabila, inakitaja waziwazi kituo cha redio au gazeti litakalotangaza maneno ya kudharau kabila: faini yake yaweza kufika shilingi milioni moja. Nayo Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 41, inamtaka mwajiri amweleze mfanyakazi kosa lake kwa lugha anayoielewa, mbele ya mwenzake au mwakilishi wa chama, na asikilize majibu yake kabla ya kumfuta. Hata aliyetukana ana haki hiyo.

Nayasema haya nikiikumbuka Ukambani. Huku rangi si mzungu na mweusi. Ukienda Mutha au mashariki ya Mwingi, neno linalochoma ni lile linalotolewa dhidi ya Msomali mwenye ngamia, au linalotolewa naye dhidi ya Mkamba mwenye shamba. Watu wameuawa kwa ajili ya malisho na maji. Nasi tuna redio za Kikamba zinazosikika hadi jikoni, Musyi FM na Mbaitu FM miongoni mwazo. Sisemi kwamba zimetenda kosa hili. Nasema kwamba mtangazaji wa lugha ya mama akiandika usiku kwenye simu yake kwamba Wasomali wote ni wezi, wanaomwamini asubuhi wataibeba kauli hiyo hadi kwenye kisima.

Ikitokea hivyo, kumfuta saa nne asubuhi na kuweka muziki hakutoshi. Aitwe, asikilizwe, na akipatikana na hatia aondoke. Mhariri aliyekuwa akimchekea aulizwe naye. Kisha kituo kiombe radhi kwa Kikamba, katika saa ile ile ya kipindi chake, na kimpe maikrofoni mzee wa Kisomali wa Mwingi, azungumze na wale wale waliolisikia tusi.