Mbwa Naye Sharti Awe na Cheti

Huko Ulaya ni desturi ya marafiki kusafiri pamoja katika gari lenye vitanda na jiko ndani yake, wakiwachukua na mbwa wao, ili kuzuru nchi za kigeni. Je, safari hiyo ni ya starehe tupu? La hasha!

Mbwa atokaye Uingereza kwenda Ufaransa sharti awe na kidude cha utambulisho chini ya ngozi, awe amechanjwa kichaa cha mbwa, na siku 21 ziwe zimepita tangu chanjo ya kwanza. Arudipo, hana budi awe amepewa na daktari wa mifugo dawa ya tegu kati ya saa 24 na saa 120 kabla ya kuingia. Mwaka 2021 pasi za mbwa zilizotolewa Uingereza zilikoma kutambuliwa, kikatakiwa cheti cha daktari. Asiye nacho harukhusiwi kumvusha mbwa wake, na marafiki wote hukwama naye.

Ndugu askari na polisi, ninyi mlindao mipaka, hapo pana funzo. Mtu aliyekwisha kuonyesha dalili za kichaa cha mbwa ni nadra mno kupona. Kwa hiyo, twaamini kwamba mlinzi adaiye cheti hamwonei msafiri, bali huokoa maisha. Adai cheti kwa adabu, asidai hongo. Wala asimpitishe yeyote kwa kujuana. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.