Saa Nne ya Shangazi

Nina neno na walimu wa vyuo huku Uingereza wanaofundisha kubuni mifumo ya kompyuta. Na nina neno na sisi pia, tunaokaa kwenye madarasa hayo na Kiswahili chetu mfukoni.

Siku hizi wanafunzi wa fani tofauti huwekwa timu moja. Yetu ilikuwa na wawili wa kompyuta (mimi mmojawapo), mmoja wa uuguzi na mmoja wa michoro. Kazi: programu ya simu ya kuwasaidia wazee kupanga miadi ya kliniki. Kwa kawaida timu kama hizi huenda hivi: wa kompyuta wanaanza kuandika programu siku ya kwanza, wa michoro anaachiwa kupaka rangi, wa uuguzi anaulizwa mwishoni. Na mzee? Anaonyeshwa kitu kimeshakwisha, basi aseme asante.

Mwalimu wetu alikataa mtindo huo. Wiki tatu za kwanza, karatasi na kalamu tu. Unachora kila ukurasa wa simu, mtumiaji anagusa kwa kidole, mmoja wenu anajifanya kompyuta na kumbadilishia karatasi.

Shangazi yangu alikuja kujaribu. Maneno ya Kiswahili tulikuwa tumepewa na programu ya kutafsiri, na miadi ilisomeka "saa 10". Shangazi akasema, "Sawa mwanangu, nitapitia nikishamchukua mjukuu shuleni." Hakuna aliyecheka. Kliniki ilimaanisha saa nne asubuhi; yeye angefika saa kumi jioni, saa sita baadaye. Mwenzetu wa uuguzi ndiye aliyeshtuka zaidi, maana alishawaona wazee wakiandikiwa "hakufika" na kurudishwa mwisho wa foleni. Wa michoro akachora saa ya mishale: Mwingereza anaisoma kumi, shangazi anaisoma nne, na wote wanafika pamoja. Tulitumia kifutio na dakika tano. Kama programu ingekuwa imeshaandikwa, nani angekubali kuifumua?

Hili si geni. M-Pesa, kazi ya Vodafone ya hapa Uingereza na Safaricom, ilianza kujaribiwa Kenya mwaka 2005 kwa ajili ya kulipa mikopo midogo. Watu wakaitumia kutumiana pesa wenyewe kwa wenyewe. Waliokuwa wakiiendesha walitazama, wakabadili mpango, na mwaka 2007 ikazinduliwa kama huduma ya kutuma pesa.

Najua watakaosema waajiri wanataka watu wanaojua kuandika programu, si kukata karatasi. Sawa, tujifunze kuandika. Lakini programu safi inayompeleka mgonjwa kliniki wakati mlango umefungwa ni safi kwa nani?

Kwa hiyo walimu, toeni alama kwa kile timu ilichobadilisha baada ya kukaa na mtumiaji, si kwa uzuri wa onyesho la mwisho tu. Na sisi, tukiambiwa "wewe tafsiri tu vitufe," tukatae kwa adabu. Kujua kwamba saa ya shangazi inaanza kuhesabu jua likichomoza ni ubunifu, tena wa wiki ya kwanza. Hata kama Kiswahili chako kina kigugumizi, kaa naye uulize. Wengine kwenye timu hata swali lenyewe hawalijui.