Picha za Mgongo: Kiasi Gani Chatosha?



Jumapili moja baada ya ibada, mama mmoja wa kikundi chetu alinivuta kando chini ya mwembe. Binti yake wa miaka 13 amepinda mgongo kwa upande, na madaktari wameshauri apasuliwe, awekewe vyuma vya kuunyoosha. Lakini kilichomnyima mama yule usingizi si kisu.

"Sista," aliniambia, "mtoto amekwisha kupigwa eksirei nyingi, na nasikia huko ndani ya chumba cha upasuaji watampiga nyingine tena. Mionzi hiyo si itamharibu? Nimeamua kukataa."

Sikumcheka. Hofu yake ina sababu. Mionzi ya eksirei hupenya mwilini, na ikipita yaweza kujeruhi chembe hai. Mwili huponya sehemu kubwa ya majeraha hayo. Yasiyopona vizuri yaweza kugeuka kansa baada ya miaka mingi. Watoto ndio wa kuhurumiwa zaidi, kwa kuwa miili yao ingali inakua na wana miaka mingi mbele yao.

Jambo hili limechunguzwa. Huko Marekani watafiti walifuatilia wanawake 5,573 ambao mgongo wao uligunduliwa kupinda wakiwa bado wasichana, kati ya mwaka 1912 na 1965. Kwa wastani kila mmoja alipigwa picha zipatazo 25. Matokeo yalichapishwa mwaka 2000: wanawake 77 walikuwa wamekufa kwa kansa ya matiti, ambapo idadi iliyotazamiwa ilikuwa karibu 46. Mashine za zamani zilitumia mionzi mingi kuliko za leo, na mara nyingi msichana alisimama kifua kikiielekea mashine. Siku hizi, kwa mgongo wa namna hii, hugeuzwa mionzi iingilie mgongoni, na hapo matiti hupata kidogo sana.

Basi, kwa nini daktari asipunguze picha hadi mwisho, au asiziache kabisa? Hebu fikiri kazi aliyo nayo. Parafujo ya chuma hupitishwa katika daraja jembamba la mfupa wa pingili, na pembeni mwake tu umepita uti wa mgongo. Ikipotoka kidogo, mtoto aweza kupooza mguu. Tena ni lazima daktari azihesabu pingili, asije akapasua isiyohusika. Kwa hiyo huitumia mashine yenye mkono uliopinda kama herufi C, inayomwonyesha mifupa katika kioo.

Mionzi ikipunguzwa mno, picha huwa na chengachenga na mfupa hauonekani wazi. Picha isiyoonekana si akiba, maana itarudiwa, na mtoto atapata mionzi mara mbili. Mionzi ikizidishwa nayo, picha hupendeza macho, lakini kama mfupa ulikwisha kuonekana, hakuna faida iliyoongezeka. Ni kama chumvi katika mboga: ikipungua chakula hakiliki, ikizidi ni hasara.

Wataalamu wazuri hupima hivi. Hukanyaga pedali kwa muda mfupi tu, na picha ya mwisho hubaki katika kioo waitazame bila mionzi mipya. Huubana mwale uangukie pingili zinazotakiwa tu. Huanza na kiasi kidogo, wakakiongeza pale tu parafujo inapofika mahali pembamba. Nasi wauguzi huvaa aproni za risasi na kurudi nyuma, kwani ukiuongeza umbali mara mbili, mionzi inayokufikia hubaki kama robo.

Ili usiogope kupita kiasi, kumbuka kuwa ardhi na anga hutupatia mionzi kila siku. Wastani wa dunia ni kama milisivati 2.4 kwa mwaka. Eksirei ya kifua haizidi sana 0.1, na ya kiuno ni kama 1.5. CT skani ya kiuno huwa kubwa zaidi. MRI hutumia sumaku, haina mionzi ya namna hii.

Sasa niwaungamie kosa langu. Nikiwa muuguzi kijana, nilimpeleka msichana kupigwa picha ya kiuno. Kwa haya sikumwuliza kama amevaa shanga. Picha ilipotoka, mstari wa shanga ulikuwa umekatiza juu ya pingili zile zile zilizotakiwa. Ikabidi arudie. Mionzi ile ya pili aliipata kwa sababu mimi niliona aibu kusema neno moja.

Kwa hiyo, mama, fanya haya:

Tunza picha zote za zamani, uende nazo kila kliniki.

Mwulize daktari kwa upole: picha hii itabadilisha nini katika matibabu?

Mvue binti shanga, mikufu na vibanio, na umwambie atulie asitikisike.

Kama wewe au binti yako aweza kuwa mjamzito, sema kabla ya picha, hata kama ni vigumu kulisema.

Lakini usiikatae picha inayohitajika. Mgongo uliopinda sana ukiachwa huendelea kupinda, na waweza kuyabana mapafu.

Mama yule alinisikiliza hadi mwisho, kisha akaenda nyumbani kupekua chini ya godoro. Kliniki iliyofuata alifika na bahasha kuukuu yenye picha zote za bintiye. Daktari alizipanga katika taa, akazitazama kwa muda, kisha akachukua kalamu na kuifuta picha moja kati ya mbili alizokuwa amekwisha kuandika.