Kinu cha megawati 1,000 hakitoshei kwenye gridi yetu

Mjadala wa nyuklia nchini Kenya umetawaliwa na hofu. Wakazi wa Uyombo, Kilifi, waliandamana mwaka 2024 kupinga kinu kujengwa jirani na msitu wa Arabuko-Sokoke na hifadhi ya bahari ya Watamu; baadaye macho ya serikali yakageukia Siaya, kando ya Ziwa Victoria. Mvuvi ambaye hakuulizwa mapema ana kila sababu ya kukumbuka ajali za Chernobyl na Fukushima. Hata hivyo, ukilinganisha vifo na kiasi cha umeme uliozalishwa, moshi wa makaa ya mawe umeua watu wengi kuliko nyuklia, na kituo cha nyuklia cha Koeberg kimefua umeme karibu na Cape Town tangu 1984. Nyuklia haitoi moshi, haisubiri upepo wala jua. Kwa anayenunua tokeni za umeme huku Mwala, Machakos, suala zito ni jingine: kinu hicho kitaungwa kwenye gridi ya namna gani, na deni lake atalipa nani?

Mpango umekuwa kuanza na takriban megawati 1,000 mnamo 2034. Mwaka 2025, nchi nzima ilipotumia stima kwa wingi kabisa jioni, mahitaji yalipita megawati 2,300, na usiku wa manane hushuka sana. Kanuni inayofuatwa na wahandisi ni kwamba mtambo mmoja usizidi takriban asilimia 10 ya gridi, kwa sababu ukizimika ghafla mingine sharti izibe pengo papo hapo. Kinu chetu kingebeba zaidi ya asilimia 40 ya mahitaji hayo ya jioni. Na hii ndiyo gridi iliyoiacha karibu nchi nzima gizani Agosti 2023, uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta ukiwemo. Watetezi husema mahitaji yatakua. Naam, lakini hata yakiongezeka maradufu, kinu hicho bado kingekuwa zaidi ya moja ya tano. Vinu vidogo vinavyosifiwa siku hizi vingefaa zaidi, ila vinavyofanya kazi duniani vinahesabika kwa vidole.

Hoja yao ya pili, ya ukame, ina uzito, na Machakos haihitaji kufundishwa. Mwaka 2009 bwawa la umeme la Masinga lilikauka kiasi cha kuzimwa mitambo yake. Maji hayategemeki tena. Lakini mvuke wa ardhini nao hausubiri mvua, na hutiririka usiku na mchana kama nyuklia. Kituo cha mvuke cha Olkaria kimefua umeme tangu 1981, wataalamu wanakadiria Bonde la Ufa lina takriban megawati 10,000 za mvuke, na tumefikia takriban 1,000 tu. Visima huchimbwa kimoja kimoja, kwa hiyo mtambo hukua pamoja na mahitaji, na mafundi wake ni Wakenya wenye uzoefu wa miongo. Kuchimba nako ni ghali, na kisima chaweza kutoka kitupu, lakini hasara ya kisima kimoja haifilisi taifa. Nyuklia ni deni la mara moja, tena la fedha za kigeni: Misri ilikopa Urusi dola bilioni 25 kwa kituo cha El Dabaa. Ufini ilianza kujenga Olkiluoto 3 mwaka 2005 na ikaanza uzalishaji wa kawaida 2023, ilhali ina vinu vingine tangu zamani. Miaka yote hiyo riba haingojei umeme uuzwe. Sisi tumeshaonja machungu ya kuchelewa: mitambo ya upepo ya Turkana ilikuwa tayari 2017, nyaya za kuiunga na gridi zikachelewa hadi 2018, na faini ikatuangukia sisi wateja na walipa kodi.

Wahandisi wetu waendelee kusomea nyuklia, na mamlaka ya kuidhibiti ijengwe vizuri. Ila kabla ya kupima shamba la mtu yeyote Siaya, Bunge lidai bei ya kila yuniti iandikwe kwenye mkataba, pamoja na jina la atakayelipa ujenzi ukichelewa na mahali taka zitakapozikwa. Nyaya na transfoma za vijijini, zile zinazoamua iwapo kinu cha posho cha Wamunyu, huku kwetu Mwala, kitasaga leo, zitengewe fedha kwanza.