Kuhesabu Siku Baina ya Tarehe Mbili: Kalamu Kwanza, Mashine Baadaye

Zilipita siku ngapi tangu Uhuru wa Tanganyika, tarehe 9 Desemba 1961, hadi Muungano, tarehe 26 Aprili 1964? Mwanafunzi mwenye kompyuta ataziandika tarehe hizo katika visanduku viwili vya lahajedwali, atoe ya kwanza katika ya pili, na mara moja atapata 869. Jibu hilo ni sahihi. Lakini je, aweza kulithibitisha? Maoni yetu ni kwamba asiyeweza kulithibitisha kwa kalamu bado hajaijua hesabu hii, wala hatatambua siku atakapopewa jibu la uongo.

Yafaa kwanza kufahamu mashine inafanya nini. Lahajedwali la Excel huipa kila siku namba ya mfululizo, kuanzia tarehe 1 Januari 1900 ambayo ni namba 1. Kwa mpango huo, siku ya Uhuru ni 22,624 na siku ya Muungano ni 23,493. Kazi iliyobaki ni kutoa tu. Kwa kalamu twahesabu hivi: toka 9 Desemba 1961 hadi 9 Desemba 1963 ni siku 730. Kisha twaongeza siku 22 zilizosalia za Desemba, 31 za Januari, 29 za Februari (kwa kuwa 1964 ulikuwa mwaka mrefu), 31 za Machi na 26 za Aprili, yaani 139. Jumla ni 869.

Mwenye kujua hayo ataziona hatari tatu.

Ya kwanza ni mpangilio wa tarehe. Kompyuta iliyowekwa kwa desturi ya Marekani hutanguliza mwezi. Ukiiandikia 26/4/1964 haitaitambua kuwa ni tarehe, maana hakuna mwezi wa 26. Lakini 9/12/1961 itaipokea kimya kimya kuwa ni 12 Septemba, na kuurudisha Uhuru nyuma kwa siku 88. Kosa lililojificha ni baya kuliko lililo wazi.

Ya pili imo ndani ya programu yenyewe. Excel huuhesabu mwaka 1900 kuwa mwaka mrefu, hali haukuwa hivyo. Mwaka wa mwisho wa karne huwa mrefu endapo tu wagawanyika kwa 400. Kwa hiyo, toka 28 Februari hadi 1 Machi 1900 hutoa siku 2 badala ya 1. Kosa hilo lilirithiwa kutoka programu ya Lotus 1-2-3 ya mwaka 1983, likaachwa makusudi ili hesabu za zamani zisivurugike. Tena, mwanafunzi wa historia akiandika 1 Julai 1890, siku ya mkataba wa Heligoland, Excel haitaitambua kabisa kuwa ni tarehe.

Ya tatu ndiyo kubwa, nayo si ya mashine bali ni yetu: kutojua tunachouliza. Tusemapo kesho, kesho kutwa, mtondo na mtondogoo, leo haimo katika hesabu. Na kutoa tarehe hufanya vivyo hivyo. Likizo huhesabiwa kwa namna nyingine. Sheria ya ajira ya Tanzania ya mwaka 2004 humpa mama aliyejifungua likizo yenye malipo isiyopungua siku 84. Akianza tarehe 1 Machi, siku ya 84 ni 23 Mei. Lakini ukitoa tarehe hizo wapata 83, maana siku ya kwanza imeachwa. Hapo karani na mfanyakazi waweza kugombana, kila mmoja akiwa na jibu la kompyuta mkononi.

Wako watakaosema kwamba chombo kimekwisha kuundwa, basi kwa nini tuwachoshe vijana? Twajibu kwamba kipindi kimoja cha hisabati chatosha. Mwalimu atoe tarehe mbili, wanafunzi wahesabu kwa kalamu, waeleze kama siku ya kwanza imo au haimo, kisha ndipo wafungue lahajedwali. Majibu yakitofautiana, wasiharakishe kuifuta kazi ya kalamu. Watafute sababu, kwani huko kutafuta ndiko sayansi.