Majeruhi wa Vita ni Mdai, Si Mwombaji

Historia ya mwambao wa Bagamoyo hukumbushwa mara nyingi kwa mambo makubwa: misafara ya pembe, biashara ya watumwa, na kuingia kwa Wajerumani. Liko swali moja lisiloulizwa sana. Mwaka 1888 na 1889, manowari za Kijerumani zilipoipiga miji ya pwani kwa mizinga, nani aliwajibika kuwatibu kina mama, watoto na wavuvi waliojeruhiwa bila ya kushika silaha?

Ni dhahiri kwamba aliyepiga hakujiona kuwa na wajibu huo. Hermann von Wissmann aliletwa kuzima upinzani wa Abushiri bin Salim na wa Bwana Heri wa Sadani. Hakuletwa kuuguza wenyeji. Maelfu ya watu wa Bagamoyo walikimbilia misheni ya Kikatoliki iliyoanzishwa mwaka 1868, wakapata hifadhi humo. Baadaye, hospitali iliyofunguliwa Dar es Salaam mwaka 1897, ambayo ni chimbuko la Muhimbili ya leo, ilijengwa kwa fedha za Sewa Haji, mfanyabiashara wa Bagamoyo. Dola iliyovunja ilishughulika na utawala na kodi. Kazi ya kuponya waliachiwa watawa na mfadhili.

Huenda mtu akasema kwamba sheria za wakati ule hazikudai zaidi. Ni kweli, na hapo ndipo penye somo. Mkataba wa kwanza wa Geneva, wa mwaka 1864, ulisema askari aliyejeruhiwa atibiwe bila kujali ni wa upande gani. Raia hakutajwa kuwa mwenye haki hiyo. Ilipita miaka 85, na vita vikuu viwili, hata Mkataba wa Nne wa mwaka 1949 ukaweka ulinzi wa raia katika maandishi. Tanzania imo katika mikataba hiyo, na mwaka 1983 ilijiunga pia na Itifaki zake za mwaka 1977.

Hata hivyo, wajibu wa kumtibu raia aliyejeruhiwa haukuzaliwa Geneva. Sheria ilikuja kuandika jambo ambalo utu ulikwisha kulijua. Dereva anayemgonga mtembea kwa miguu pale Ubena, katika barabara ya Morogoro, hawezi kuendelea na safari yake kwa hoja kwamba hakukusudia kumgonga. Kutokukusudia kunaweza kupunguza adhabu. Hakuondoi jukumu la kumfikisha majeruhi hospitali. Vivyo hivyo, jemadari anayesema kwamba alilenga kambi ya adui na kombora likaangukia sokoni, ametoa maelezo tu. Deni bado hajalilipa.

Methali ya tembo wapiganao na nyasi ziumiazo imezoeleka mno, hata imekuwa kichaka cha kujifichia wakubwa. Tembo hana dhamiri wala bajeti. Serikali na majeshi vinavyo vyote viwili. Nchi inayoweza kununua kombora haiwezi kudai kwamba haina uwezo wa kununua bandeji.

Kipimo hiki hakina budi kutumika hata pale ambapo vita ni vya haki. Mwaka 1978 majeshi ya Idi Amin yaliivamia Kagera, yakaua na kujeruhi wananchi, na Tanzania ilikuwa na kila haki ya kujilinda. Lakini mwezi Februari 1979 mji wa Masaka, nchini Uganda, uliharibiwa vibaya na mizinga ya Tanzania. Mkulima wa Masaka aliyejeruhiwa siku hizo hakuwa Amin. Haki ya kupigana haifuti deni kwa asiyepigana. Taifa linaloamini kwamba binadamu wote ni ndugu haliwezi kuwahesabu majeruhi wa upande wake peke yao.

Liko pia deni la jirani, ambaye hakufyatua risasi lakini anao uwezo wa kusaidia. Hapa Tanzania inayo historia ya kujivunia. Wakati wa ukombozi wa Msumbiji, FRELIMO ilikuwa na shule Bagamoyo na hospitali Mtwara. Mwaka 1984 wapigania uhuru wa ANC walifungua hospitali yao Mazimbu, Morogoro, kwa msaada wa wananchi wa Uholanzi. Watu hawa walipokelewa bila ya kwanza kuulizwa watalipa nini.

Leo mtihani huo uko Kongo. Mwishoni mwa Januari 2025, waasi wa M23 walipouteka mji wa Goma, Umoja wa Mataifa ulihesabu majeruhi zaidi ya 2,800 waliokuwa wakitibiwa kwa siku chache tu. Hospitali ya Ndosho ilifurika. Tarehe 8 Februari viongozi wa Afrika Mashariki na wa SADC walikutana Dar es Salaam, wakataka mapigano yakome na uwanja wa ndege wa Goma ufunguliwe. Dai hilo lilikuwa la msingi, kwa sababu dawa zisipofika, daktari hubaki na mikono mitupu. Tanzania, iliyokuwa na askari wake katika kikosi cha SADC huko, na ambayo bandari yake hupitisha mizigo ya Kongo kila siku, haiwezi kujihesabu mtazamaji.

Yako mambo matatu ya kudaiwa bila kigugumizi. Kwanza, kila mkataba wa amani utaje nani atalipia matibabu ya raia, kama unavyotaja mipaka na madini. Pili, matibabu yasihesabiwe kuwa yamekwisha jeraha linaposhonwa. Mtoto aliyekatwa mguu huhitaji mguu mwingine wa bandia kila anapokua. Tatu, hospitali za mipakani zimhudumie majeruhi kwanza, karatasi zifuate baadaye. Mazoea ya kumtaka mtu anayevuja damu alete kwanza fomu ya polisi hayafai kwa mwananchi, sembuse kwa mkimbizi.

Mwalimu anayefundisha vita vya Abushiri asiishie kwenye majina ya mashujaa na tarehe za kunyongwa kwao. Awaulize wanafunzi ni nani aliyewauguza waliojeruhiwa, na kwa nini hakuwa yule aliyewajeruhi. Naye mtumishi wa Serikali anayepanga bajeti ya wilaya ya mpakani akumbuke kwamba fungu la dawa za majeruhi si sadaka. Ni malipo ya deni, na mdai amekwisha kufika mlangoni.