Mafuta hayana VAT, sawa. Ila mashine ya kusaga Maguu inalipia barabara isiyopita

Kila Jumatano ya kwanza ya mwezi EWURA inatoa bei kikomo za mafuta, na kila bei ikipanda lazima mtu aulize mtandaoni: kwani serikali haiwezi kuondoa VAT kwenye mafuta?

Jibu fupi: VAT haipo. Sheria ya mwaka 2014 imeweka petroli, dizeli na mafuta ya taa kwenye orodha ya bidhaa zenye msamaha. Ukijaza lita moja Mbinga mjini, hulipi ile asilimia 18 unayolipa ukinunua bati au saruji.

Na si msamaha mdogo. Kenya walianza kutoza VAT ya asilimia 16 kwenye mafuta Septemba 2018, zikapigwa kelele, ikashushwa hadi 8 mwezi huohuo, halafu Julai 2023 ikarudi 16. Ubaya wa VAT ni asilimia yake: bei ya dunia ikipanda, kodi nayo inapanda. Kwa lita ya Sh3,000, asilimia 18 ni Sh540.

Sisi kodi ya mafuta tunailipa kwa mtindo mwingine. Ni shilingi kadhaa kwa kila lita, bila kujali nani anaitumia wala kwa kazi gani. Hapo ndipo mtu wa Maguu anapoumia kimyakimya.

Chukua mwaka 2017. Serikali ilifuta ada ya mwaka ya leseni ya magari, na wenye magari wakashangilia. Lakini pesa ile haikufutwa, ilihamishwa. Ushuru wa bidhaa kwenye mafuta uliongezwa Sh40 kwa lita. Yaani mwenye mashine ya dizeli ya kusaga mahindi, iliyofungwa kwa boliti kwenye zege na haijawahi kutoka nje ya banda, akaanza kuchangia leseni ya gari ambalo hana. Hata mafuta ya taa yaliongezwa. Bibi mwenye kibatari naye akawa mlipa leseni ya magari!

Mwaka 2021 ikaja Sh100 nyingine kwenye petroli na dizeli kwa ajili ya barabara za TARURA. Mwaka 2023, Sh100 tena, safari hii kwa miradi ya kimkakati. Jumlisha nyongeza hizo tatu tu: Sh240 kwa lita. Mashine inayokunywa lita 10 kwa siku inatoa Sh2,400, na kwa siku 26 za kazi ni Sh62,400. Mwenye mashine hazitoi mfukoni kwake. Anazihamishia kwenye bei ya debe.

Ukishuka milima kwenda ziwani, Liuli au Mbamba Bay, hesabu ni ileile. Mvuvi mwenye injini ya petroli analipa tozo ya barabara akiwa katikati ya Ziwa Nyasa. Lori la makaa ya mawe kutoka Ngaka, linaloikanyaga lami kwelikweli, linalipa tozo hiyohiyo kwa lita.

Je, tozo zifutwe? Mimi nasema hapana. Masika yakichanganya kule Umatengo, barabara za vijijini zinageuka utelezi, na kahawa haiteremki yenyewe kwenda Mbinga. Ile Sh100 ya TARURA ina maana kwa Maguu kuliko kwa mtu wa Masaki. Tozo ya petroli inayokwenda REA nayo ndiyo inayoleta umeme wa kuipumzisha mashine ya dizeli. Isitoshe, mafuta ya Ruvuma kwa kawaida yanapigiwa hesabu kutoka bandari ya Mtwara, na gharama ya usafiri imo ndani ya bei kikomo. Barabara ikiharibika, bei ya vitu vyote inafuata.

Kinachodaiwa ni kurudishiwa. Uingereza wakulima na wavuvi wanatumia dizeli iliyotiwa rangi nyekundu, yenye kodi ndogo, na ukikamatwa nayo barabarani una kesi. Hapa serikali itakukumbusha uchakachuaji, na ina hoja. Mafuta ya taa yalipokuwa na kodi ndogo, wajanja waliyachanganya na dizeli. Mwaka 2011 ushuru wake ukapandishwa kutoka Sh52 hadi Sh400.30 kwa lita. Wachakachuaji walikuwa mjini, mwenye kibatari kijijini akalipa.

Lakini ugumu huo haukuwazuia wakubwa. Kampuni za migodi zilipewa msamaha wa tozo ya mafuta kwa mikataba, hadi kamati ya Jaji Mark Bomani mwaka 2008 ikapendekeza utazamwe upya. Kama mgodi uliweza kuhesabiwa lita zake, AMCOS ya kahawa yenye mashine ya kumenya inashindikana vipi? Au BMU yenye orodha ya boti zake? Kiwekwe kiwango cha lita kwa msimu, risiti ya EFD iwepo, pesa irudi kupitia akaunti ya kikundi. Wanaonunua mafuta ya chupa kijijini watabaki nje, kwa sababu chupa haina risiti. Huo ni upungufu mkubwa, na sijaona njia rahisi ya kuuziba.

Bajeti husomwa katikati ya Juni, wakati Mbinga kahawa inaanza kuchumwa. Wabunge wa Mbinga Vijijini na Nyasa wana swali la kuuliza kabla ya hapo: katika kila Sh240, shilingi ngapi zimetoka kwenye mashine na boti ambazo hazina namba ya gari?